Mkono wa Kutia Gia

Mimi na magari ya otomatiki hatupatani, na mtu yeyote aliyewahi kuketi barazani kwetu hapa Shela, Malindi, anajua hivyo hata kama hakuuliza. Miaka mingi nimewachosha watu kwa hotuba ile ile. Gari la otomatiki, nilikuwa nikisema, si gari bali ni kochi lenye magurudumu. Mtu anaketi, anavuta kijiti kwenye D, anakanyaga, basi, ati naye dereva! Injini inalia nini, yeye hajui. Inataka nini, hana habari. Gari ni la gia, bwana. Likichoka linakwambia, nawe unalipunguzia. Likipata nguvu linakwambia, nawe unaliongezea. Mnakwenda mkisemezana. Jina langu ni Abdillahi lakini mtaani wananiita Bwana Gia, na mimi, mjinga wa watu, miaka yote hiyo nilidhani ni jina la heshima.

Kazi yangu ni kukodisha vyombo vya shughuli: masufuria makubwa ya pilau, masinia, majamvi, viti vya plastiki. Nina pikapu nyeupe ya gia nne, kongwe kuliko binti yangu. Gia ya tatu ya pikapu hiyo haiingii mpaka uivute, uisubiri kidogo, kisha uisukume kama unayemsukuma mgeni asiyetaka kuingia ndani. Ya nyuma unainua kijiti juu na kumtaja Mungu. Ule ulikuwa ubovu mtupu, lakini mimi niliuhesabu kuwa ni ufundi wangu. Mtu akiazima pikapu akashindwa kuiondoa hapo mlangoni, mimi nilikuwa nalala usingizi mzuri siku hiyo.

Sasa, mke wangu Kaltuma hakuipanda pikapu hiyo kwa miaka kumi na tisa. Nitaeleza ni kwa nini, ingawa sina hamu.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba nimfundishe kuendesha. Rufaida wetu alikuwa ndio kwanza ameanza shule. Nikampeleka kwenye kiwanja cha mpira mchana, nikamketisha kwenye usukani, nikaanza somo. Gari likazima. Likawaka, likaruka kama chura, likazima tena. Pembeni palikuwa na wanaume kama sita wamekaa kivulini wanacheza karata, wakaacha karata wakawa wanatutazama sisi. Lilipozima mara ya saba au ya nane nikapandisha sauti wasikie hadi wao: "Klachi, mwanamke! Klachi! Mguu wa kushoto huo, au Mungu alisahau kukupa?" Wale wanaume wakacheka, nami nikacheka nao.

Kaltuma akazima injini, akavuta handibreki sawasawa kama nilivyomfundisha, akashuka, akaenda nyumbani kwa miguu jua la utosi, buibui lake likizoa vumbi. Chakula cha usiku kilikuwa mezani kwa wakati. Hakunisema hata neno. Lakini tangu siku ile, akitaka kwenda sokoni anasimamisha tuktuk na pikapu ipo mlangoni. Nikipeleka masufuria harusini kwa jamaa zake, mimi mbele na pikapu, yeye nyuma na tuktuk, tumeandamana kama watu wasiojuana. Na mimi sikumwomba radhi. Kila nilipotaka kusema neno nilijiambia kesho, na kesho yenyewe ikawa miaka kumi na tisa.

Basi mwaka huu, baada ya Idi, Rufaida akaja kutoka Mombasa, ambako anafanya kazi kwenye afisi ya mizigo. Akaingia uani na kigari cha buluu, kidogo, safi, kinang'aa. Nikatoka kumpokea.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umenunua jipya?"

"Si langu, Baba. Ni la Mama. Ni otomatiki, kwa hivyo halitamsumbua. Nishazungumza na Bwana Okoth wa ile shule ya udereva, atamfundisha. Mama angoje tuktuk juani mpaka lini?"

Maneno yale yaliniingia mpaka kwenye mfupa. Kaltuma alikuwa amesimama mlangoni anakitazama kile kigari. Na mimi badala ya kunyamaza, ambako hakujawahi kumdhuru mtu, nikasema: "Hebu lete ufunguo, nilijaribu hilo kochi lenu."

Barazani walikuwepo watu, maana siku ya aibu hawakosekani. Nikavuta kijiti kwenye D. Mkanda sikufunga, mkanda ni wa watu wasiojua kuendesha. Gari likaondoka lenyewe, polepole, bila ya mimi kufanya lolote, na hilo nalo likaniudhi. Kufika kona ya duka la halua, tuktuk ikachomoza. Dereva yeyote wa otomatiki angegusa breki kidogo yakaisha. Lakini mguu wangu wa kushoto una miaka thelathini na tano ya mazoea. Ukatafuta klachi, ukakuta pedali pana, ukaikanyaga mpaka chini kwa nguvu zake zote. Mkono wa kushoto nao ulikuwa hewani unatafuta gia ishuke hadi mbili. Gari likasimama palepale. Mimi sikusimama. Nilikwenda mbele na mkono wangu ukatangulia, ukapiga dashibodi, nikasikia ta!

Yule wa tuktuk alikuja mbio dirishani. "Mzee, umegonga nini?"

"Sijagonga kitu," nikasema, na ilikuwa kweli. Gari halikuwa na mkwaruzo.

Mwambire, tabibu wa zahanati ya mtaani kwetu, naye aliuliza kama niligongwa na gari. Nikamwambia ndiyo, lakini nilikuwa ndani yake. Akanifunga plasta kutoka kiwiko hadi vidoleni, wiki sita. Mkono wa kushoto, nao, kazi zake nyingine mnazijua wenyewe. Sitaki kueleza wiki ile ya kwanza ilikuwaje. Wenzangu barazani walinipa pole mchana na jioni wakaigiza nilivyoruka. Mdharau mwiba mguu huota tende, akanambia mmoja wao.

Ijumaa ya wiki ile palikuwa na harusi Mambrui, na masufuria manne yalikuwa yameahidiwa tangu kabla ya Ramadhani. Nikaita dereva wa kukodi. Akaingia kwenye pikapu, akahangaika na gia mpaka jasho likamtoka, akashuka akanirudishia ufunguo. "Mzee," akasema, "hili si gari, ni adhabu." Nikabaki uani na plasta yangu, masufuria yamepakiwa, jua linapanda, na watu wa Mambrui wanangoja kupika.

Kaltuma akatoka jikoni anafuta mikono. "Mguu wako wa kushoto una nini?"

"Hauna kitu."

"Na mkono wa kulia?"

"Mzima."

"Basi wewe shika usukani ukanyage. Gia nitatia mimi."

Nilimtazama nisiamini. Akaenda upande wa kushoto, akafungua mlango wa pikapu, akapanda, akakusanya buibui lake, akafunga mlango. Miaka kumi na tisa! Kisha akageuza uso akaniangalia. "Sharti ni moja tu, Baba Rufaida. Ukinipigia kelele, nashuka. Hata tukiwa katikati ya daraja la Sabaki, nashuka."

Hebu fikiria safari hiyo. Mimi nakanyaga klachi na kusema "moja," yeye kwa mkono wake wa kulia anavuta kijiti, sanduku la gia linalia krrr mpaka watu wanageuka barabarani. Kelele inanipanda kifuani, inafika kooni, naimeza. "Moja," nasema tena, "tafadhali." Inaingia. "Sasa mbili, Mama Rufaida, kwa hisani yako." Inaingia. Ya tatu nilimweleza kama ninayemweleza bibi harusi: ivute, ingoje, isukume, hapana haraka, tuna siku nzima. Hatukuwa na siku nzima, watu walikuwa na njaa. Lakini mpaka tunafika Mambrui nilikuwa nimesema tafadhali na ahsante nyingi kuliko zote nilizomwambia tangu tufunge ndoa. Tulichelewa saa moja na nusu. Hakuna aliyetukaripia, maana walipotuona tunashuka wote wawili mbele walisahau njaa yao.

Basi ikawa ndiyo kazi yetu. Gede tukaenda, Watamu tukaenda, mara mbili tukafika Kilifi. Wiki ya tatu nikagundua jambo lililonishangaza. Nilikuwa nikikanyaga klachi na kabla sijatamka, gia ishaingia. Alikuwa ameanza kuisikia injini. Nilisoma udereva kwa matusi ya watu wengi na ilinichukua mwaka mzima kuisikia hivyo. Yeye alikaa tu pale akinyamaza na kusikiliza. Siku moja kwenye kizuizi cha polisi, askari mmoja wa kike, Mueni jina lake kifuani, akachungulia ndani.

"Dereva ni nani hapa?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," akasema Kaltuma wakati huohuo.

Mueni akatazama plasta yangu, akatazama mkono wa Kaltuma juu ya gia, akainamia mlango akacheka hadi kofia ikamtoka. Alipopata pumzi alitusomea sheria, akatuonya, akatwambia twende polepole na tusigombane. Hatukuwa tunagombana, tulikuwa tunazungumza. Njiani Kaltuma alinisimulia habari za dada yake wa Mambrui, nani kaolewa, nani kaachwa, nani anajifanya hajaachwa. Alinunua viazi karai akanitia kimoja mdomoni huku mimi nageuza usukani. Nilikuwa na raha. Nasema waziwazi kwa sababu sikuwahi kusema: mzee mzima wa miaka sitini na moja, nilikuwa na raha kama mtoto siku ya Idi.

Kisha wiki sita zikaisha. Mwambire akaikata ile plasta, akanigeuza mkono huku na huku, akanikunja vidole.

"Umepona kabisa, Mzee Abdillahi. Kesho unatia gia mwenyewe."

"Hauwezi kuwa unauma ndani kwa ndani?"

"Unauma?"

"Unaweza ukauma."

"Mzee, unataka nini?"

"Nifunge bandeji," nikamwambia. "Kubwa kidogo."

Nikarudi nyumbani na mkono mzima umening'inia kwenye leso ya mke wangu, nikamwambia tabibu anasema mfupa bado mbichi. Uongo wenyewe haukunichukua hata pumzi mbili. Na hapo ndipo nilipoonja adhabu ya Mungu kwa mtu anayetendewa wema asiostahili. Kila alfajiri baada ya sala Kaltuma alichemsha maji, akatia chumvi, akaniweka mkono ndani ya beseni na kuukanda kidole kwa kidole. Alinifunga vifungo vya shati. Alinimenyea chungwa. Nilijilaumu kila siku, lakini maji yale yalikuwa mazuri, na chungwa lilikuwa tamu. Siku moja mfuniko wa sufuria ulitaka kuanguka nikaudaka kwa mkono ule mgonjwa, safi kabisa, ikabidi nipige ukelele mkubwa wa maumivu. Akanikimbilia kwa mafuta. Loo, Abdillahi mimi!

Wakati huohuo nikaona jambo jingine. Jumanne na Alhamisi baada ya alasiri Kaltuma alikuwa anatoka na mkoba wake, anarudi magharibi viatu vina vumbi. Nikiuliza anasema alikuwa na haja zake. Kigari cha buluu kilikuwa uani kimefunikwa turubai. Kisha Rufaida akapiga simu: "Baba, mwisho wa mwezi nakuja. Mama akishapata leseni nitamkabidhi gari lake rasmi."

Nikajumlisha nikapata jibu. Kaltuma alikuwa anajifunza otomatiki kwa Okoth. Mwisho wa mwezi angekuwa na kochi lake, akapanda peke yake, akaenda kwa dada yake peke yake. Na ile nafasi ya kushoto kwenye pikapu ingerudi kuwekwa majamvi. Nilikuwa nimempata mke wangu karibu yangu kwa sababu ya mfupa uliovunjika, na sasa nilikuwa nampoteza kwa sababu ya gari ambalo mtoto wa darasa la nne angeweza kuliendesha. Wivu niliousikia, wallahi, hata ujanani sikuwahi kuusikia.

Alhamisi ile nikamfuata. Nikapanda tuktuk, mimi Bwana Gia, nikajikunja nyuma kama mwizi wa kuku. Kiwanja cha Okoth kiko njia ya kwenda uwanja wa ndege, na katikati yake amefanyiza kilima kidogo cha kifusi cha kufundishia watu kuondoka mlimani. Gari la shule lilikuwa limesimama kwenye mwinuko ule. Okoth ameketi kushoto, Kaltuma yuko kwenye usukani.

Nikasikia injini, na masikio yangu hayanidanganyi. Ile haikuwa otomatiki. Lilikuwa gari la gia! Mke wangu alikuwa anajifunza gia. Sijui niseme nini kuhusu kifua changu wakati ule, kilijaa tu. Nikatoka ndani ya tuktuk nisimame nimwone vizuri. Akaanza kuachia klachi. Akaiachia haraka. Gari likatetemeka, likaanza kurudi nyuma, na mimi, mimi niliyepewa sharti, mimi mwenye mfupa mbichi, nikaruka mbele mikono yote miwili juu kama anayesimamisha treni, nikapiga kelele kiwanja kizima kikasikia: "Klachi! Klachi, mwanamke! Mguu wa kushoto!"

Gari likazima. Wanafunzi wote wakageuka. Kaltuma akageuka pia, lakini hakunitazama usoni. Alitazama mkono wangu wa kushoto, ulioko juu kabisa, bandeji imefunguka inapepea, vidole vitano vyote vinafunga na kufungua bila taabu yoyote.

Nikaushusha polepole, sijui nilidhani nani hajauona. Alishuka akanijia.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Abdillahi."

Akiniita kwa jina bila ya Baba Rufaida, mzaha umekwisha. "Siku ishirini na tatu," nikasema.

"Siku ishirini na tatu nachemsha maji ya chumvi."

"Nilitaka uendelee kukaa pale."

"Pale wapi?"

"Pale kwenye gia. Karibu yangu."

Okoth ndani ya gari akageuza uso akawa anatazama miti, ni mtu mwenye adabu. Uso wa Kaltuma ulilainika, niliuona ukilainika, kisha ukafunga tena. "Na kelele?" akauliza. "Kelele nazo ulitaka niendelee kuzisikia?"

Akarudi garini, akawasha, akatia moja, akalishika gari pale mlimani mpaka likatulia, akaachia klachi taratibu. Likapanda bila kutetemeka. Mimi nikabaki na vumbi, na dereva wa tuktuk akiniuliza kama namngojea mtu.

Siku tisa hakunisemesha. Chakula kilikuja, maji ya chumvi hayakuja. Nilirudi kuendesha peke yangu, na hapa nanyi mnicheke kwa haki: gia ya tatu ilinishinda. Nilikuwa nakanyaga klachi halafu nangoja. Nangoja nini? Nangoja mkono wa mtu. Nyuma watu wanapiga honi, mimi nimekanyaga klachi nimetulia, natazama kiti cha kushoto chenye majamvi. Nilijua maneno ninayotakiwa kuyasema. Niliyasema yote ndani ya pikapu, vizuri sana, kutoka Malindi mpaka Gede. Nikifika nyumbani nikimwona, nasema, "Hilo jua leo kali."

Siku ya kumi Okoth akanipigia. "Mzee, hongera. Mama amepita mtihani mara ya kwanza, na kwa gari la gia. Hata mimi mwenyewe nilipita mara ya tatu."

Kesho yake Rufaida akaja. Tukasimama uani watu watatu, turubai limeondolewa, kigari cha buluu upande huu, pikapu upande ule. Nilikuwa nimeamka mapema nikaiosha pikapu, na kiti cha kushoto nimekisugua kwa sabuni mara mbili. Nilikuwa na tumaini langu. Mtu hasumbuki kujifunza gia ili aende akaendeshe kochi, nilijiambia.

"Haya, Mama," akasema Rufaida, "leseni yako inakuruhusu yote. Unachukua lipi?"

Kaltuma akatazama huku, akatazama huku, akanyoosha mkono akachukua ufunguo wa kigari cha buluu.

Nikashindwa kujizuia. "Si umejifunza gia?"

"Nimejifunza nijue kama naweza," akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu baada ya siku kumi na moja. "Nimejua. Sasa nataka kustarehe."

Rufaida alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikaenda nikasimama kando ya pikapu yangu, nikajifanya napapasa tairi. Kigari kikawashwa, hakikupiga kelele yoyote, lakini nilikijua kuwa kimewaka. Nikangoja nisikie geti likifunguliwa. Badala yake nikasikia kioo kikishuka.

"Baba Rufaida, unangoja nini? Nakwenda Mambrui kwa dada. Panda."

"Nipande wapi?"

"Wapi tena? Huku kushoto. Na ufunge mkanda."

Nikapanda, nikafunga mkanda. Kaltuma aliendesha vizuri, polepole, akiangalia vioo vyote kama alivyofundishwa. Kila akitaka kupunguza mwendo mguu wangu wa kushoto ulikanyaga sakafu tupu. Mikono sikujua niiweke wapi, nikaiweka yote miwili mapajani kama mgeni anayengoja chai. Hapakuwa na gia ya kusemea, wala injini ya kulalamikia, wala mtu wa kumwambia tafadhali. Tuliutoka mji, nyumba zikapungua, na nikaona kuwa nisipoyasema sasa nitayasema kaburini.

"Kaltuma. Siku ile kiwanjani, ile ya zamani. Wale wanaume walikuwa wanatutazama. Niliona haya waseme mke wa Abdillahi hajui, nikakufedhehesha wewe ili mimi nibaki fundi. Wewe hukuwa na kosa, ulikuwa unajifunza. Kosa lilikuwa langu, na miaka yote kumi na tisa nimejua kuwa ni langu. Nisamehe. Na la juzi, la kelele, nisamehe. Na la mkono."

Alitazama barabara. Nikadhani ndiyo basi, nimechelewa, hakuna msamaha unaokaa miaka hiyo yote ukingoja mtu. Kisha mkono wake wa kushoto, ambao kwenye gari lile hauna kazi, ukaondoka kwenye usukani ukanishika kifundo cha mkono wangu, palepale palipovunjika, ukakibana kwa nguvu zote.

"Unauma?"

"Unauma."

"Mwongo."

"Safari hii kweli, wallahi, unauma."

"Vizuri," akasema, na hakuuachilia mpaka tulipofika Mambrui.